Gitaa la Blasius kwa Mdomo wa Hyasinti

Kwetu Mpepai, milimani Mbinga, enzi za santuri, mtu aliyeazima sahani ya muziki hakuirudisha kwa mkono tu akaondoka. Aliirudisha na kwa mdomo. Alisimama barazani mbele ya wenzake akaimba gitaa, si maneno ya wimbo, gitaa lenyewe, kuanzia lilipoingia mpaka lilipotoka, ti-ri-ri kwa ulimi na meno, na mwenye sahani akisikiliza ameinamisha kichwa. Ukikosea unaambiwa, "Hujasikiliza wewe, hii sahani umeifanya kawa ya kufunikia ugali." Basi huazimishwi nyingine mpaka urekebishe.

Sheria hiyo aliitunga shemeji yangu Hyasinti, mdogo wa marehemu mume wangu Victor, na imembana yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Iko sahani moja aliyoiazima Ngumbo, kule Ziwa Nyasa, kwa mjane anayeitwa Kunigunda. Ndani yake lilikuwemo gitaa la mume wake. Sahani hiyo hakuirudisha kwa mkono wala kwa mdomo mpaka tumezeeka wote. Nataka kueleza ilivyokuwa, kwa sababu nilikuwepo mwanzo na nilikuwepo mwisho, na kichwa changu, namshukuru Mungu, bado kinashika. Wanaomwona leo amekaa barazani na simu sikioni wanadhani anasikiliza taarifa ya habari.

Hyasinti hakuwahi kupiga gitaa. Vidole vyake ni vya kuchuma kahawa na kushika jembe, vinene, na mwenyewe alikuwa akisema angeligusa gitaa lingelia kwa kuonewa. Yeye alikuwa msikilizaji. Mwaka ule kahawa ilipolipa vizuri, wenzake walinunua bati, yeye akaenda Songea akarudi na santuri ya betri kichwani, imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mgonjwa. Nyumba yake ikabaki ya nyasi. Mume wangu alimwambia mbele ya watu, "Wenzako wanaezeka nyumba, wewe unaezeka masikio."

"Masikio hayavuji, kaka," akajibu.

Kila Jumapili baada ya Misa tulikusanyika kwake. Wanaume walikuja na sahani zao kwapani, na mimi nilikuwa mwanamke pekee niliyekaa kwenye benchi lenyewe badala ya kupita na chai. Wengine walisema maneno. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba na kitanzi cha rithimu, lile gitaa linalojirudia nyuma ya wimbo, nilikishika kuliko wao, kwa hiyo maneno yao niliyaacha yapite. Hamphrey, dereva wa lori aliyekuwa anakaa Kitai, alikuwa mtu wa besi. Alisema solo ni mapambo na besi ndiyo nyumba. Hyasinti alikuwa mtu wa solo. Solo ikiingia hakuna kuongea. Atakayefungua mdomo anatoka kwenda kutafuta kuni.

Sahani nyingi alizileta Hamphrey kutoka safari zake, na nyingine zilikuwa za Kikongo zenye maandishi ya Kifaransa tusiyoweza kuyasoma. Wapigaji tukawapa majina sisi wenyewe. Mmoja tulimwita Mzee Pole. Mwingine, ambaye Hyasinti alimpenda mno, tulimwita Cherehani, kwa sababu vidole vyake vilikwenda mbiombio bila kuinuka, kama sindano ikipita kwenye upindo. Tulibishana nani kamfundisha nani, nani kamwiga nani, mpaka kina mama wa jirani wakauliza kama tunagombania shamba.

Sasa Blasius. Huyu alikuwa mtu wa Ngumbo, mpiga solo katika bendi moja ya Songea. Bendi ile ilikwenda Nairobi mara moja, ikarekodi sahani moja ndogo, ile yenye tundu kubwa katikati, ikarudi, na baadaye ikasambaratika kama zilivyosambaratika nyingi. Blasius akarudi kwao na kifua kinachokohoa. Hakukaa sana, akafariki, akamwacha Kunigunda bado kijana.

Wakati ule Hyasinti alikuwa akiteremka ziwani na maharage yake, anabadilishana na samaki, mbasa waliokaushwa, anapandisha kuuza Mbinga. Siku moja aliingia nyumbani kwa Kunigunda kununua samaki akaiona sahani ukutani. Ilikuwa imetundikwa kwenye kigingi kupitia tundu lake la katikati, chini ya picha ya Bikira Maria. Alinisimulia mara nyingi walivyoongea, na Kunigunda mwenyewe baadaye hakubadilisha neno.

"Mama, hii inapigwa au inatazamwa?"

"Inatazamwa. Mashine nitaitoa wapi mimi?"

"Kwa hiyo hujawahi kuisikia?"

"Yeye nilimsikia. Alikaa hapo kwenye mlango akalipiga hilo gitaa mpaka nikajua anaanzia wapi na kuishia wapi. Hii sijaisikia."

Hyasinti akasema, "Nipe niende nayo, mama. Mvua zikikatika nitateremka nayo pamoja na santuri yangu, uisikie hapahapa mlangoni."

Kunigunda alimtazama, akacheka. "Nyie watu wa milimani, ahadi zenu zinateremka vizuri. Kupanda ndiyo sijui." Lakini akaitoa kwenye kigingi, akaifuta kwa upande wa kanga, akampa.

Tuliisikia Jumapili iliyofuata. Hata Hamphrey alinyamaza. Wimbo wenyewe haukuwa na neno kubwa, mtu anamlilia mchumba, lakini upande wa pili gitaa liliingia peke yake polepole, linauliza, linasubiri, linauliza tena, kana kwamba mpigaji ana muda wote wa dunia. Halafu likapanda. Hyasinti alisema, "Huyu hajamwiga mtu. Huyu ni wa kwetu." Tukaipiga tena, na Jumapili ya pili, na nyingine, mpaka akaogopa sindano itaila. Akasema sasa basi, mali ya watu, inatunzwa mpaka mvua ziishe.

Na hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa kujali. Nyumba zetu za milimani wakati wa mvua zina unyevu unaoota ukungu mpaka kwenye viatu, na mchwa hula karatasi na boksi. Kitu ambacho mtu wa kwetu hataki kipotee kabisa kinawekwa mahali pamoja: darini, juu ya moto wa jikoni, pale yanaponing'inia mahindi ya mbegu. Moshi unafukuza wadudu, joto linakausha. Mama zetu walitunza mbegu hivyo, na mbegu ilikuwa uhai wetu. Hyasinti aliifunga sahani ya Kunigunda ndani ya kitambaa safi akaiweka pale, katikati ya mahindi. Aliweka huko kitu cha thamani kama alivyofundishwa. Zile sahani zake mwenyewe, za kawaida, alizirundika chini ya kitanda, na hazikupata kitu.

Mvua zilipokatika alipanda kuitoa. Mimi nilikuwa uani kwake napeta maharage. Alishuka na kile kitambaa, akakifungua, akakaa chini. Sahani ilikuwa imejikunja kama jani la mgomba lililopitishwa kwenye moto, upande mmoja umeinuka, mwingine umebonyea. Aliiweka kwenye santuri vilevile. Sindano ikapanda mlima, ikaruka, ikaanguka bondeni, ikatoa sauti kama ya mbuzi.

Jumapili wakaja wenzake. Mmoja akashauri iwekwe juani, ikilainika iwekewe gunia la kahawa juu yake. Wakafanya. Ilinyooka kidogo, halafu ikapata ufa kutoka ukingoni mpaka katikati. Hapo Hamphrey, ambaye mdomo wake haukuwa na breki nzuri kama lori lake, akasema, "Umeikausha kama mbegu, basi ipande. Labda litaota gitaa."

Watu walicheka. Mume wangu alicheka. Hyasinti hakutoka kwenda popote, alikaa palepale akaifunga ile sahani kwenye kitambaa, lakini tangu siku hiyo hakuteremka tena Ngumbo. Samaki akawa ananunua sokoni Mbinga kwa bei ya juu. Ukimuuliza anasema miguu inauma. Miguu hiyohiyo ilikuwa inapanda milima ya kwetu kutwa.

Nilimwambia mapema kabisa, "Shemeji, nenda ukamwambie mama wa watu. Imeharibika, imeharibika. Na wimbo unao mdomoni, mwimbie kama sheria yako inavyosema."

"Nitakwenda mikono mitupu? Acha nitafute nyingine kwanza. Nikipata nyingine nitakwenda siku hiyohiyo."

Ndivyo alivyosema mwaka ule, na mwaka uliofuata, na miaka yote. Aliuliza madereva, aliuliza maduka ya Songea, alimwagiza kila aliyekwenda Dar es Salaam. Hakuna aliyeiona. Wengine walimwambia bendi hiyo haikuwahi kurekodi. Zikaja kaseti, santuri zikageuzwa viti vya kuku. Baraza letu likapungua, huyu kahama, yule tumemzika, na Victor wangu naye nikamzika. Zikaja simu. Binti yake, Rosemary, alimwingiza kwenye kundi la wapenzi wa muziki wa zamani, watu wa mikoa yote wanaotumiana nyimbo na kubishana nani alikuwa bingwa wa solo, kama sisi zamani ila hawaonani sura. Humo nako Rosemary akamwandikia swali lake. Mmoja akajibu anaikumbuka ikipigwa redioni. Kuwa nayo, hakuna.

Muda wote huo aliliimba. Akichuma kahawa utalisikia kwenye miti, ti-ri, ti-ri-ri, linauliza, linasubiri. Alisema analinda lisipotee. Na alikuwa akisikiliza pia sahani zake nyingine, na Cherehani kuliko wote, kila siku ya Mungu. Sisi hatukuona ubaya. Nani angeona ubaya katika mtu kusikiliza muziki anaoupenda?

Mwaka jana, baada ya kahawa, mwanamke mmoja muuza samaki kutoka kule alipita kwetu. Nikamuuliza habari za Ngumbo, nikamtaja Kunigunda. "Bibi Kunigunda? Yupo, anaona kwa shida lakini kwa masikio anakusikia unavyomsengenya ng'ambo ya mto."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Hyasinti. "Kunigunda yu hai. Tunakwenda mimi na wewe. Mwanaume hapeleki aibu peke yake, nitakuwa msemaji wako. Na usiponijibu leo, shemeji, mimi barazani kwako sitakanyaga tena."

Akasema, "Santuri nitaibeba. Niliahidi nitakuja na santuri."

Hamphrey alitupeleka. Siku hizi ana gari dogo na macho ya kuazima, miwani, lakini barabara ya Mbamba Bay ni lami, na kutoka hapo tulikwenda taratibu kupita Liuli, ziwa liko kushoto. Hakufanya utani hata mmoja. Hyasinti alikuwa nyuma, santuri mapajani, juu yake sahani mbili: ile ya Kunigunda kwenye kitambaa chake, na moja ya Cherehani, nzima, iliyo bora kuliko zote alizonazo. Hiyo ilikuwa zawadi.

Kunigunda tulimkuta mlangoni. Kigingi bado kilikuwepo ukutani, na Bikira Maria juu yake.

"Shikamoo, dada," nikasema.

"Marahaba. Hiyo ni lafudhi ya milimani. Karibuni, nani nyie?"

Tulikaa, tukaletewa maji na chai, tukaulizana habari za mvua na za mazao na za wagonjwa mpaka zikaisha. Ndipo nikaeleza tulichojia. Sikuficha kitu, moto wa jikoni, mbegu, ufa, aibu, yote. Hyasinti aliweka sahani kwenye mapaja ya yule mama. Yeye akaipapasa kwa vidole, akafuata ule mkunjo, akafika kwenye ufa.

"Uliiweka na mbegu," akasema.

"Ndiyo, dada. Nisamehe."

"Hata mimi ningeiweka." Akaendelea kuupapasa ufa. "Nilikusubiri mwaka ule mvua zilipokatika. Nilikuwa nimesafisha hapo mlangoni pa kuwekea mashine. Mwaka wa pili nikasema labda amekufa. Ungekuja na hiki kipande kilichopinda ningekupa chai, tungekaa. Ulidhani nitakufanya nini?"

Mimi nikasema, "Dada, hakuja mikono mitupu kabisa. Kwetu mtu anarudisha na kwa mdomo. Gitaa la mzee analo."

"Analo?" Yule mama akageuza uso upande wa sauti. "Basi nipeni. Mimi nikilisikia nalijua. Kulitoa mwenyewe ndiyo siwezi, nimejaribu."

Hyasinti akasimama. Alivua kofia, akafunga macho, akaanza. Liliingia polepole, linauliza, linasubiri. Nilimwona Kunigunda ameshika ukingo wa kiti. Alikuwa anamwona mtu wake, hakuna haja ya kuambiwa. Likauliza tena. Halafu likapanda, na Hyasinti akapanda nalo, likaanza kwenda mbio, mbiombio bila kuinuka, na uso wa Kunigunda ukajifunga kama dirisha.

"Hapana," akasema. "Huyo nani?"

Hyasinti akakatika. "Ni yeye, dada."

"Sio yeye. Blasius kidole chake cha mwisho kilijeruhiwa na mshipi wa kuvulia samaki tangu mdogo, kilikuwa hakikunjuki. Hakuweza kukimbia hivyo hata angefukuzwa. Hapo juu alikuwa anaenda vilevile polepole, lakini kwingine. Huyo uliyemleta ni mtu mwingine."

"Dada, nimeliimba miaka yote hii, silikosei."

Hamphrey alinitazama, nami nikamtazama. Tulikuwa tumeshajua wote wawili, tangu lilipoanza kukimbia. Nikasema kwa upole niliouweza, "Shemeji. Hapo ni Cherehani."

"Sio Cherehani."

"Weka usikie."

Aliiweka santuri pale mlangoni, mahali palepale palipokuwa pamesafishwa zamani, akaweka ile sahani ya zawadi. Tulisubiri. Maneno yakapita, solo ikaingia, na ilipofika katikati, ule mwendo uleule aliotoka kuuimba sasa hivi ukapita mbele yetu, noti moja baada ya nyingine, kila moja mahali pake. Hyasinti aliinua sindano kwa mkono wake mwenyewe, solo ikiwa bado inaendelea. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo maishani.

"Ameingia lini?" akauliza. Alimuuliza Hamphrey, kana kwamba dereva ndiye anayejua nani kapanda njiani.

"Taratibu tu," Hamphrey akasema. "Ulimsikiliza sana huyu, na yule hukuwa naye wa kumsikiliza."

"Kwa hiyo lile la kwake liko wapi?"

Mimi nilijaribu kulitafuta kichwani mwangu, kichwa ninachojisifia. Nilipata rithimu yote, kila mkunjo wake. Hamphrey baadaye aliniambia besi anayo mpaka mwisho. Solo tulimwachia Hyasinti, maana yeye ndiye alikuwa mtu wa solo.

Kunigunda ndiye aliyeongea. "Rudia ile ya mwanzo."

"Dada, nimeharibu."

"Ya mwanzo ni ya kwake. Rudia."

Akairudia, sasa amekaa, sauti ndogo. Lilipokaribia kupanda yule mama aliinua mkono. "Hapo. Usiende zaidi." Akamwambia arudie tena, na tena akamzuia palepale. Chai ilipoa kwenye vikombe. Mara ya mwisho hakuinua mkono, Hyasinti mwenyewe alisimama mahali hapo, kama mtu aliyefika ukingoni mwa maji na hajui kuogelea.

Sahani iliyopinda Kunigunda aliirudisha kwenye kigingi. Ilikaa vibaya, imeachana na ukuta upande mmoja. Ile ya Cherehani akasema tuondoke nayo, hana ugomvi na huyo mtu lakini nyumbani kwake hapana. Hyasinti alitaka kumwachia santuri, nayo akaikataa. "Sasa niweke nini juu yake?" Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu kwetu.

Tukiwa tunapanda kurudi Mbinga, Hyasinti alisema mara moja tu, kutoka kiti cha nyuma, "Mwaka ule nilikuwa nalo zima." Ndilo neno pekee alilosema safari nzima.

Bado tunakutana Jumapili, tuliobaki. Rosemary anatuwekea nyimbo kwenye simu, tunabishana kama kawaida, Hamphrey bado anasema besi ndiyo nyumba. Cherehani hapigwi. Hakuna aliyekataza, hapigwi tu. Na ikifika mwisho, kabla hatujatawanyika, Hyasinti analiimba lile la Blasius, linaingia, linauliza, linasubiri, linauliza tena, mpaka pale. Anaacha. Mimi naendelea kupiga rithimu kwa kidole kwenye benchi, na Hamphrey anashika besi kwa mguu, polepole, kwa urefu uleule wa zamani, mpaka mahali sahani ilipokuwa inaishia. Hakuna anayefungua mdomo.